Yule Mama wa Picha Hakuwa na Msiba

Mwaka ule wa vita shule yetu ya Bunia ilikuwa inafunguliwa na kufungwa kama mlango wa choo cha sokoni. Hata hivyo mtihani wa mdomo wa kozi ya sanaa haukufutwa. Baba alikuwa ameshasema: nikianguka, masomo yamekwisha, nitapelekwa Boga kwa shangazi nikalime. Sina ugomvi na jembe, lakini nilitaka diplome yangu, na kichwa changu ni kigumu.

Tuliingia mmoja mmoja. Mtahini alikuwa mzee aliyefundisha Kifaransa tangu zamani, mtu asiyecheka bure. Alinisukumia picha iliyokatwa kitabuni: mwanamke wa Ulaya, aliyechorwa karne ya kumi na tisa, gauni jeusi, ameketi kitini, mkono shavuni. Akaniuliza huyu mama anasikia nini moyoni, na ni mtu wa namna gani katika jamii yake.

Nilijibu bila kuvuta pumzi: amefiwa. Kwetu mtoto akishika tama mama yake anampiga huo mkono, anamuuliza anamlilia nani. Na lile gauni jeusi, sasa nini tena? Mzee akashusha miwani. Wote waliotangulia, alisema, walimjibu hivyo hivyo, na wote walikosa. Nikakasirika, na mimi nikikasirika ndipo ninapoona vizuri. Nikamwomba aniachie picha kidogo.

Nikamkagua yule mama kama mgeni aliyeingia mtaani kwetu Bigo bila hodi. Kwetu mfiwa haketi juu ya kiti. Anakaa chini, kwenye mkeka, wenzake wamemzunguka, na nywele hachani. Huyu nywele zake zimebanwa, hata moja haijatoka mahali pake. Ukosi wa lesi umepigwa pasi, na aliyeishika pasi si yeye, vidole ni laini mno. Gauni ni hariri. Basi weusi huu ni wa fahari. Ni mke wa tajiri, na mume amemleta kwa mchoraji ili watu waione mali yake. Na mkono shavuni? Amechoka kutazamwa. Midomo ameibana, ana la kusema na hakuna aliyemuuliza.

Yote hayo nilimweleza mzee kwa Kifaransa. Aliponijibu, aliacha Kifaransa.

"Weye mutoto, ile mambo ya mukeka ulisoma wapi?"

"Sikusoma, Papa. Walimuua kaka yangu. Mama iko anakaa pale."

Akaandika alama, akageuza karatasi niione. Hakuna aliyenizidi.

Nilirudi kwa miguu kupitia upande wa Shari nikiimba kwa sauti, na askari wa barabarani waniangalie wapendavyo. Sijawahi kufurahi vile. Nilimweleza baba. Alitoka moja kwa moja hadi kwa jirani, nikamsikia akitangaza:

"Mutoto yangu iko na akili. Huyu atasoma mpaka atachoka yeye mwenyewe."

Mama alisimama kutoka mkekani akaja mlangoni kusikiliza majivuno ya mumewe. Akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimesikia kicheko chake.