Vidonge vya Kunenepesha

Mishahara ya mgodi ilipokatika, mume wangu alikaa nyumbani bila kazi na mimi nikakonda. Niliuza vitenge katika soko la Kampemba, mjini Lubumbashi. Wateja walitazama kwanza mashavu yangu, ndipo wakatazama kitambaa. Mwembamba namna hii, walinong'ona, ana ugonjwa ule.

Jirani yangu wa meza, mwanamke aliyeuza dawa, akanihurumia.

"Yaya, dada yangu, kunywa hii. Moja asubuhi, moja mangaribi. Utanona tu."

Vilikuwa vidonge vyeupe, vidogo kuliko punje za mtama. Baada ya mwezi uso wangu ulijaa, watu wakanisifu. Sikumwambia mtu yeyote kuhusu vidonge.

Kisha watu wenye asili ya jimbo la Kasai wakaanza kufukuzwa mjini. Mimi na baba yangu tulizaliwa Lubumbashi, lakini jina letu la ukoo la Kikasai lilitosha. Mume wangu, ambaye si wa kwetu, alinificha kwa dada yake kule Annexe, pembezoni mwa mji, katika chumba kimoja kilichozungukwa na mihogo.

"Usitoke hata uani," aliniambia. "Sura yako wanaijua."

Wiki ya tatu vidonge vikaisha. Nilifikiri naweza kuviacha tu. Siku ya tatu bila vidonge sikuweza kusimama. Nilitapika.

"Iko malaria," alisema dada yake, shemeki yangu.

"Hapana. Kuna vidonge nilizoea kunywa. Mwili unavidai."

Akajifunga kitenge, akaenda kwa miguu mpaka Kampemba, kwa yule muuza dawa. Aliporudi nilimeza viwili. Jioni ile ile nilikaa, nikala bukari, ugali wetu. Badala ya kufurahi nililia. Nje nilingojewa na watu wenye mapanga, na mle ndani nisingeweza kuishi bila pakiti ile.

Nilikaa mle wiki nyingi, nikinenepa, nikitazama ukuta. Kiu ikaja. Nilimaliza ndoo ya maji aliyoichota shemeki asubuhi, naye hakulalamika. Siku moja alikwenda kumwaga ndoo yangu ya mkojo, akakuta sisimizi wameizunguka.

"Shemeki, mukojo yako iko na sukari."

Mji ulipotulia kidogo, mume wangu alinipeleka kwa daktari. Daktari alipima mkojo, akathibitisha ni ugonjwa wa sukari.

"Docteur, ni vile vidonge?"

"Vinaweza kupandisha sukari. Lakini katika ukoo wenu, nani alikuwa nayo?"

"Mama. Ilimuua."

"Basi siwezi kukuambia ni vidonge peke yake. Pengine ingekuja tu, vyenyewe vikaiharakisha. Usiviache ghafla, utaanguka tena. Tutapunguza polepole."

Nilitaka aniambie ni kosa langu, au si kosa langu. Yeye akaniandikia sindano za insulini.

Nilikata vidonge kwa wembe, nusu, kisha robo, miezi mingi, hadi nikaacha kabisa. Sukari ilishuka, lakini haikuondoka. Mpaka leo najidunga sindano asubuhi, nasubiri kidogo kabla ya kula, na mume wangu ananingoja, sahani yake imefunikwa.