Nassor, Baki Kambini

Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu Nassor, na watoto pacha wa jirani yetu Bi Zuwena, Hasani na Huseni. Upande wa pili, Chande wa Mpendae na wenziwe watatu, ambao majina yao sikuyashika kwa makelele yao. Hadi leo nikisikia harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya kompyuta, nawaona wote mle katika duka la michezo ya kompyuta, Mji Mkongwe, pangaboi likilia juu yetu.

Duka lile nilikuwa nalifagia mimi. Skuli niliiacha wazee wetu walipofariki, na tajiri wangu, mwenye duka, alitupa saa moja ya kucheza bure kila Ijumaa mchana. Siku ile tuliishindania saa hiyo: tukifungwa, inakwenda kwa Chande.

Mchezo ulikuwa wa bunduki, ila mashabiki walikuwa wameutengeneza upya na kuuongezea kiti cha kamanda. Kamanda hapigi risasi. Anaitazama ramani kwa juu, anajenga kambi na kuwaamrisha wenziwe. Wavulana wote walitaka bunduki, kwa hiyo kiti wakanipa mimi. Kazi yenyewe sikuiona ngeni. Nyumbani nani achote maji, nani akanunue mkate, nilikuwa nasema mimi.

"Hasani, shika daraja! Huseni, zunguka nyuma! Nassor, baki kambini."

"Dada, leo tena?"

"Leo tena."

Chande akaangua kicheko. "Kamanda wenu kungwi! Kamuweka mwali ndani!"

Pacha wakaanguka darajani pamoja na wawili wa Mpendae. Ukiacha kamanda wao, kwao akabaki Chande na bunduki yake, na kwetu Nassor peke yake. Chande akaingia kambini kwetu akitembea kama mwenye nyumba. Nassor alikuwa amejibanza nyuma ya mapipa, risasi zake zote anazo.

"Mwali katoka!" akapiga ukelele, na Chande akawa chini.

Saa yetu ikabaki yetu. Wote wakanisifu kwa mbinu, nami sifa nikazipokea. Njiani Nassor akasema, "Dada, Ijumaa ijayo nitangulie mbele." Nikamwambia inshallah. Ijumaa ilipofika nikamuweka kambini tena, na zilizofuata vivyo hivyo, mpaka duka likafungwa.

Nilikuja kuelewa nilipokuwa na mtoto wangu, siku ya kwanza alipotaka kuvuka barabara peke yake. Mbinu haikuwepo. Nilikuwa siwezi kumtazama Nassor akianguka, hata kwenye kioo cha kompyuta.

Ahadi ile sijailipa. Nassor sasa ana ndevu na nyumba yake Kiembe Samaki, na kila akija kunitazama, wakati wa kuaga husimama mlangoni.

"Kamanda, niende mbele?"

Namwambia akae kwanza, amalize chai.