Nyasi za Jumatatu

Sisi watu wa Tabora tumelelewa na fagio. Mama yangu akiona jani moja uwanjani asubuhi, aliuliza kama mle ndani tumekufa wote. Ardhi iwe tupu, yenye mistari ya fagio la chelewa. Nyasi ni nyoka, nyasi ni uvivu. Nimekuja na ugonjwa huo mpaka Grand Prairie, Texas, na siombi radhi.

Mke wangu alikuwa na tuta lake nyuma ya nyumba: bamia, nyanya, na matembele aliyoyapenda kupita kiasi. Baridi ya huku inaua matembele, basi kila mwaka alikata marando, yale mashina ya kupandia, akayaweka kwenye ndoo ya maji dirishani jikoni mpaka joto lirudi. Mimi nilinung'unika kwamba jiko limegeuka kisima. Alifariki mwezi wa kwanza mwaka huu, na ndoo ikabaki pale pale.

Mimi bustani naijulia wapi? Naendesha foklifti ghalani. Lakini ile ndoo niliibadilishia maji, na mwezi wa nne nikapanda marando yote kumi na sita. Yakifa haya, basi. Hakuna mengine, na aliyejua kuyatunza hayupo.

Miaka yote kazi yangu ilikuwa ya Jumamosi. Nakata nyasi za uwanja kwa mashine, kisha nafagia kila kitu, mpaka chini ya matembele yake, najaza mifuko na kuipanga kando ya barabara. Mke wangu alisema, "Mume wangu, ziache hizo, udongo unaungua." Nami nilimjibu, "Nyoka akikuuma usiniite." Ajabu ni kwamba katikati ya wiki nyasi zilikuwa zimerudi tutani. Nililaumu upepo. Upepo wa Texas nimeusingizia mengi.

Mwaka huu mwezi wa sita ulikuja na hasira. Nilimwagilia kabla jua halijatoka, nikafunga nyanya kwenye miti, nikatundika shuka kuukuu kuleta kivuli. Na nikafagia, tena vizuri! Kwa mara ya kwanza tuta lilikaa safi wiki nzima, nikajisifu peke yangu, maana hapakuwa na wa kunisifu. Kumbe ardhi ilikuwa inapasuka. Maji ya alfajiri, ikifika saa nne hayapo. Marando yakaanza kunyauka moja baada ya jingine, yakabaki sita. Nililitukana jua kwa Kinyamwezi.

Jumapili binti yetu, ambaye ni nesi Houston, alipiga simu ya video. Nikamwonyesha tuta. Akaniuliza kwa Kiingereza, maana akishtuka Kiswahili humkimbia, nyasi ziko wapi.

"Nyasi gani? Nimefagia."

"Baba," akasema taratibu, "mama alikuwa anazirudisha. Kila Jumatatu ukishaenda kazini alifungua mifuko, akazitandaza tena ili udongo usikauke. Gari la taka si linapita Jumanne? Aliniambia nisikwambie. Alisema ukifagia unafurahi, uachwe."

Miaka kumi na moja ya kufagia! Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Siku zote nilidhani nimemshinda. Na tuta safi nililojisifia wiki ile lilikuwa safi kwa sababu nyumba haina mtu.

Mifuko ya jana yake ilikuwa bado barabarani. Niliiburuta mchana kweupe, jirani ananitazama kama mwizi wa taka, nikaifungua na kutandaza nyasi kwa mikono, nikizisukuma mpaka kwenye mashina. "Haya, umeshinda," nikasema kwa sauti. Nilisubiri kidogo. Hakuna aliyecheka.

Marando manne yamepona, na yametambaa mpaka kwenye uzio. Jumamosi bado nafagia, najaza mifuko, naipanga barabarani. Jumatatu naamka mapema, kabla ya zamu, naifungua na kurudisha nyasi zote. Binti yangu alipojua alicheka, akaniuliza si niache tu kufagia.

Nimemwambia hapana. Jumamosi ni yangu, Jumatatu ni ya mama yake.