Mshindo Alivyolionea Wivu Boksi

Wivu bwana una watu wake. Wapo wanaomwonea jirani wivu kwa gari, wapo wanaomwonea ndugu kwa shamba, na hayo tumeyazoea. Lakini mtu mzima, mwenye mke na watoto, kulionea wivu boksi la chuma lililofungwa ukutani? Huyo ndiye Mshindo, mwasha jenereta wa kiwanda cha maziwa, na kabla hujamcheka nisikilize kwanza.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa kazi yake. Zamani umeme ukikatika, kiwanda kilinyamaza, mashine zikasimama, na maziwa kwenye tangi la kupozea yakaanza kupata joto. Hapo kila mtu alimtafuta Mshindo kwa macho. Naye hakimbii ng'o. Atakwenda zake kibandani kwenye jenereta, apime oili, atazame maji, awashe injini, aisikilize mpaka mlio utulie, ndipo ashushe ule wenzo mkubwa wa kupeleka umeme kiwandani. Taa zinarudi, watu wanashangilia. Na ng'ambo ya ua, kwenye dirisha la chumba cha kupimia maziwa, mkewe anagonga kioo mara mbili kwa kata yake. Ko, ko. Mkewe ndiye mpimaji wa maziwa pale, na maana ya kugonga huko walikuwa wanaijua wao wawili tu. Nikwambie ukweli, Mshindo hakuwa akiwasha jenereta kwa ajili ya maziwa. Alikuwa anaifuata ile ko, ko.

Kisha likaja boksi.

Fundi aliyekuja kulifunga alikuwa mtu wa maneno matamu na viatu visivyoshika vumbi. Alimweleza Mshindo kwa upole kwamba swichi yake ina pande tatu. Ukiielekeza Otomatiki, boksi lenyewe linahisi umeme umekatika, linawasha injini, linapeleka umeme kiwandani, na umeme ukirudi linazima. Ukiielekeza Zima, hakuna kinachowaka. Ukiielekeza Mkono, boksi halijishughulishi, linamngoja mtu abonyeze kitufe cha kijani. Iache Otomatiki, kaka, upumzike, fundi akamwambia. Kana kwamba kuna mtu alimlalamikia kuwa amechoka!

Tangu hapo umeme ukikatika taa hupepesa tu, na kabla mtu hajasema lo, injini inanguruma. Watu hata vichwa hawainui. Kilichomuuma Mshindo zaidi ni kwamba umeme ukirudi, boksi halizimi injini papo hapo. Linaiacha izunguke kidogo bila mzigo, ipoe, vilevile alivyokuwa akifanya yeye. Hata adabu zake limeziiba. Na dirishani kimya. Mama wa watu atagonga kioo cha nini, na giza lenyewe hakuliona?

Hilo pengine angelivumilia. Lakini fundi aliambiwa abaki kiwandani kuliangalia boksi mpaka bosi aridhike nalo, na chai yake akawa anainywea chumba cha kupimia maziwa. Kupitia kioo kilekile Mshindo akawa anamwona mkewe anacheka. Cheko lile la kuinamisha kichwa, ambalo yeye alidhani ni mali yake. Damu ilimchemka. Nyumbani akawa hali vizuri, akiulizwa ana nini, hana kitu. Mkewe akimtaja fundi, uso unamkunjamana. Asipomtaja, anajiuliza mbona leo hamtaji. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na kweli suruali zilianza kumpwaya.

Ndipo akapata akili, kama inafaa kuitwa akili. Asubuhi moja aliingia kibandani peke yake akaizungusha swichi kutoka Otomatiki kwenda Mkono. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: umeme utakatika, boksi litakaa kimya, yeye atabonyeza kitufe. Wote wataona kwamba boksi si lolote, na fundi si lolote, na kioo kitagongwa. Alikusudia asibanduke pale siku nzima.

Lakini mwenye wivu hatulii. Saa ya chai alimwona mkewe anatoka na fundi, wanaelekea mgahawa uliopakana na ukuta wa kiwanda. Kwa nini leo nje? Mshindo akasahau swichi, akasahau kibanda, akawafuata. Akajibanza nyuma ya jiko la mgahawa, pale moshi unapotokea, machozi yanamtoka, masikio kayatega.

Mkewe alikuwa akiongea kwa sauti ya mtu anayeomba. "Shemeji, siku zote hizi nakukaribisha chai nisijue nianzie wapi," alisema. "Nimesikia bosi anataka kumhamishia mume wangu kwenye kuosha madebe, eti jenereta sasa haihitaji mtu. Nisaidie umwambie inahitaji. Mume wangu hajawahi kuacha hata kizibo mahali pasipo pake."

Fundi akajibu kwamba hata asingeombwa angesema hivyo, maana boksi halijui kunusa oili inayovuja. Kesho anaonana na bosi, na atamwambia waziwazi kuwa jenereta ile bila Mshindo ni chuma tu.

Mshindo alitamani ardhi ipasuke immeze. Na palepale umeme ukakatika, redio ya mgahawa ikazimika.

Fundi alimtuliza mama, akisema boksi litawasha sasa hivi. Wakangoja. Kiwandani kimya. Fundi akainuka, uso umemsawijika, na wakati huo Mshindo alikuwa ameshatimua mbio.

Aliingia kibandani akihema. Akapeleka mkono kwenye swichi, ukasita. Akiirudisha Otomatiki, boksi litawasha lenyewe, kosa lake halitajulikana, ila sifa zitakuwa za boksi. Akibonyeza kitufe, sifa zake. Mtu aliyetoka kusikia aliyoyasikia angejua la kufanya, sivyo? Alibonyeza kitufe. Injini ikanguruma, akaisikiliza mpaka ikatulia, akapeleka umeme, na shangwe zikapanda kiwanda kizima kama zamani.

Bosi alifika akampiga bega kwa furaha, kisha akamgeukia fundi aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. Akasema boksi lake ni bure kabisa, alifungue ukutani aondoke nalo, na kazi nyingine pale asiitarajie. Fundi alitaka kulitazama, lakini Mshindo alikuwa ameliegemea, swichi kaiziba kwa mgongo.

Mkewe alikuja wa mwisho, akitokea kutazama maziwa, kata ingali mkononi. Alimtazama mumewe. Hakuna siku aliyowahi kumwona ameipa swichi mgongo injini ikiwa inanguruma. Akamsogeza taratibu, akainyoosha kata, akagonga mara mbili kioo kidogo kilichofunika maandishi ya swichi. Ko, ko. Watu wakacheka, wakidhani anampongeza mumewe. Mshindo peke yake ndiye aliyeona kata ilipotua, juu ya neno Mkono. Alikuwa ameililia ile ko, ko miezi yote hiyo, na sasa aliona aibu mpaka miguuni.

"Bosi, boksi halina kosa," akasema. "Swichi niliigeuza mimi."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kesho yake alipelekwa kwenye madebe, na fundi akabakizwa na boksi lake. Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: fundi alimwombea hata hivyo. Bosi hakutaka kusikia. Kuombewa na mtu yule kulimuuma Mshindo kuliko madebe yenyewe. Mkewe naye hakumgombeza, alimnyamazia tu, na afadhali angegombezwa.

Sehemu ya kuoshea madebe iko chini ya lile dirisha. Siku moja umeme ukakatika, jenereta ikawaka yenyewe, na Mshindo akainua kichwa kwa mazoea. Mkewe alikuwa amesimama dirishani, kata mkononi, anamtazama, hagongi. Mshindo akaelewa kwamba safari hii zamu ni yake. Akachukua mpini wa brashi akagonga debe mara mbili. Kisha kioo kikajibu, ko, ko.

Fundi akachungulia kutoka kibandani akauliza ni nani anagonga. Mshindo akainama akaendelea kusugua debe lake, wala hakumwambia.