Safari Tupu Baada ya Mvua

Mvua ikishanyesha, safari ya kwanza haipakii mtu. Ndiyo kanuni ya reli kongwe ya mlimani iliyo juu ya bonde la Wadi Kabir. Vigari viwili vimefungwa kwenye waya mmoja wa chuma. Hiki kikipanda, kile hushuka, na waya ukiteleza hakuna cha kuvizuia. Yaqdhan, mwendeshaji wake, hakuwahi kuivunja kanuni hiyo.

Asubuhi ile maji yalikuwa yameikata barabara ya kushukia bondeni na ngazi zimejaa matope. Bi Masouda akafika kituo cha juu na mkongojo wake. Nduguye, Amur, amefariki, na jeneza li karibu kutolewa nyumbani kwa marehemu, chini bondeni. Wanawake hawaendi makaburini; asipomuona pale nyumbani, basi tena.

"Nteremshe, mwanangu," alisema. Yeye ndiye aliyemnyonyesha Yaqdhan, mama yake mzazi alipougua.

"Ngoja kwanza kishuke kitupu, Mama."

"Nna wakati wa kungoja mimi?"

Hisham, jirani aliyemsindikiza, akaguna. "Waya huo umeuoa? Mpakie bibi wa watu."

"Ukikatika naye yumo, utamrudisha wewe?"

"Ziwa langu umelinyonya," Bi Masouda alisema taratibu. "Leo waya una haki kunishinda."

Yaqdhan akalegeza breki, kigari kitupu kikaanza kushuka polepole, macho yake hayatoki kwenye waya.

Simu ya Bi Masouda ikalia. Alikuwa Khulood, binti wa marehemu. "Shangazi, uko wapi? Wanaume wameshaingia kumchukua."

"Niko juu. Waambie wangoje."

"Nimewaambia. Wanasema maiti hacheleweshwi."

Kigari cha pili kikafika juu. Yaqdhan akaukagua waya, akafungua mlango. "Mzima. Ingia, Mama."

Walipofika chini, jeneza lilikuwa limeshaingizwa garini, na gari linaondoka.

Wapo wanaosema kwamba waya ulikuwa mzima, kwa hiyo kanuni haikuwa na maana. Wanakosea. Kabla ya ile safari tupu hakuna aliyejua kama ni mzima, na roho ya mtu haichezewi kwa kubahatisha. Yaqdhan alifanya lililo sawa, na lililo sawa lina gharama yake. Bi Masouda hakuuona uso wa nduguye. Yaqdhan hakaribishwi tena nyumbani kwa bibi huyo.