Swichi Niliyoikataa

Simu ya mezani ilipofika nyumbani kwetu Unyambwa, mtaa mzima ulijua ni ya kwangu. Mimi niliyeishia darasa la nne! Niliiweka sebuleni juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe, na mgeni hakuonja chai kabla sijamwekea mkonga sikioni asikie mlio.

Mwaka uliofuata alizeti ilikubali, nikamnunulia binti yangu kompyuta. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, anataka chuo. Fundi wa intaneti akaja kutoka mjini.

"Shikamoo mama. Intaneti itapita kwenye laini hiyo hiyo ya simu, na kuna njia mbili. Nikiweka swichi, kompyuta ikiwa kwenye intaneti simu yako inanyamaza. Au nivute waya moja kwa moja, ni rahisi, ila mtu asiguse simu. Akiinua tu, intaneti imekatika."

"Simu yangu inyamazishwe na mashine? Vuta waya. Mikono yangu naijua."

"Mama, mikono yako hiyo?" binti akasema.

"Nyamaza wewe!"

Ijumaa moja dada yangu alishuka kutoka Mgori na kopo la asali. Binti alikuwa chumbani anatuma maombi ya chuo, siku ya mwisho. Alikuwa ameniambia asubuhi, mara mbili.

"Haya, mdogo wangu, nisikie hiyo simu unayoringia."

Nikainua. Badala ya mlio, ikapiga kelele kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Tulicheka mpaka machozi.

"Mama! Umeinua simu?"

"Sijagusa! Laini zenu mbovu hizo."

Dada akanitazama, akashika kikombe chake. Binti akaipigia intaneti tena, na tena. Kila mara namba inatumika na watu wengine. Jioni chuo kikafunga kupokea maombi, na ya kwake bado yako chumbani.

Aliolewa mwaka uliofuata. Ana maisha mazuri, na wajukuu alionipa nawaringia kuliko nilivyoiringia simu. Ila chuo hakukiona.

Uongo wangu sikuwahi kuufuta. Nilijidanganya kwamba aliuamini. Lakini Jumatatu iliyofuata Ijumaa ile nilirudi kutoka sokoni, nikakuta kisanduku kipya ukutani: ile swichi niliyoikataa. Alikuwa amemwita fundi mwenyewe. Nikainua mkonga. Kimya kabisa. Chumbani nasikia vidole vyake vinagonga kompyuta, wala hakuita kuniuliza kama nimeinua.