Bahasha Zilizoendelea Kuja

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunirudia bila kuitwa. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani chai, na mimi nilikuwa nimesimama uani na kikapu mgongoni, nikijaribu kukumbuka kama nilikuwa naenda kuchuma au nimesharudi. Siku zile nilikuwa hivyo. Tulikuwa tumemzika mume wangu, Wilson, muda si mrefu kabla ya hapo, na kichwa changu hakikushika jambo. Niliweza kuweka maji ya chai motoni nikasahau chai. Nilimwita mtoto, akaja, tukabaki tunatazamana.

Basi kengele ya baiskeli ikalia getini, na sauti ikaita, "Wilson Kiptonui!"

Nikajibu, "Yuko shambani, anakuja."

Ndivyo nilivyosema. Sikuficha wakati ule na sifichi sasa.

Aliyeita alikuwa Mzee Nyakundi, Mkisii aliyekaa hapa kwetu Mogogosiek miaka mingi hata Kikipsigis chake kikawa kizuri kuliko cha baadhi ya watoto wetu. Alikuwa mfanyakazi wa posta. Yeye na Wilson ndio waliopewa kazi ya kupeleka barua nyumbani kwa watu. Wewe umekulia kwenye simu, pengine hutaelewa jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani. Huku kwetu barua ya mtu ilikuja kwa sanduku la shule, la kanisa au la kiwanda cha chai. Ilipita mikono mingi kabla ya kukufikia, na nyingine hazikufika kabisa. Miaka ile ya tisini ofisi yetu ndogo ikajaribu kuzipeleka mpaka mlangoni. Mpango huo haukudumu, lakini ulipokuwapo ulikuwa na desturi yake: mwenye kuleta barua alisimama getini akaliita jina lote, ili asije akachukua mwingine.

Mzee Nyakundi alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Wilson. Alijua vizuri yuko wapi. Alisimama pale, kofia mkononi, mdomo wazi.

"Mdomo umezoea, Mama Chebet," akasema. "Nisamehe."

"Wangu pia umezoea," nikamwambia.

Alicholeta kilikuwa bahasha nene ya masomo. Zamani chuo kilikuwa cha aliyefaulu sana, tena mwenye nafasi ya kuacha nyumba na ng'ombe akaenda kukaa huko. Miaka ile vyuo vingine vilianza kutuma masomo kwa posta, ili mtu asome akiwa na kazi yake na watoto wake. Watu wa posta walikuwa wa kwanza kulijua hilo, kwa sababu wao ndio waliobeba bahasha zenyewe. Wilson alizibeba kwa muda akiwapelekea walimu, mpaka siku moja akauliza ndani kuna nini. Akajiandikisha. Alisomea maendeleo ya jamii. Nilimcheka, nikamuuliza mpeleka barua anataka maendeleo gani. Akanijibu, "Nikifika milango ya watu naona mambo. Nikishayaona, nifanye nini nayo?" Halafu kifua kikamshika katika baridi ya Julai, na hakuinuka tena.

Chuo hakikujua. Nani angekiambia? Bahasha ziliendelea kuja.

Mzee Nyakundi alinieleza utaratibu. Barua ya marehemu hurudishwa kwa aliyeituma, lakini mtu wa nyumba ile lazima aandike juu yake kwamba mwenyewe amefariki. "Mimi si mtu wa nyumba hii," alisema. "Siwezi kukuandikia." Akanipa kalamu. Nikaishika, nikaitazama, nikamrudishia. Nikasema nitaandika wakati mwingine.

Sasa, mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye kunyoosha maneno. Wakati wa matanga alikuwa amesema jina la mwanawe lisiitwe ovyo pale nyumbani. Lakini bahasha ya kwanza ilipokuja, aliichukua mikononi mwangu, akaifuta vumbi kwa leso, akaiweka juu ya kabati. Ya pili akaiweka juu ya ya kwanza. Siku moja aliniuliza, "Hao wanaomwandikia, wako mbali?"

"Mbali, Mama."

"Na wao bado wanamwandikia."

"Ndiyo."

Akaifuta tena vumbi ile ya juu. Alikuwa amemwagia mwanawe udongo kwa mkono wake mwenyewe, alijua kila kitu. Lakini nilimwona akifikiri kile nilichokuwa nikifikiri mimi: kwamba kama kuna mahali ambapo bado wanamhesabu miongoni mwa walio hai, kwa nini sisi tuwe wa kwanza kuwaambia? Ikawa kengele ikilia wote wawili tunatoka mbio. Tungekuelezaje? Hatukujieleza hata sisi wenyewe.

Baadaye nikafungua moja. Niliichukua hadi kituo cha majani, mahali tunapongojea lori la kiwanda lije kupima. Unajua lori linavyoweza kukawia barabara ikiwa na matope. Nikakaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, nikasoma. Nilikuwa nimefika kidato cha pili tu, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kinanipiga chenga. Nilisoma mstari mmoja mara nyingi kabla haujafunguka. Wanawake wenzangu wakaanza, wakiniita Bot Chebet, yaani Mama Chebet kwa lugha yetu.

"Bot Chebet, hiyo barua ndefu namna hiyo ni ya mchumba?"

"Mchumba gani anaandika karatasi nyingi hivyo? Huyo atakuchosha kabla ya harusi."

Wakacheka, na mimi nikacheka, kicheko cha kwanza tangu Julai. Nikaona vibaya kwa kucheka. Halafu nikaendelea kusoma.

Mwisho wa somo palikuwa na maswali. Moja liliuliza: katika kijiji chako, ni nani asiyefikiwa na huduma, na kwa nini? Hilo nililijua jibu lake. Nilikuwa nikichuma majani huku nalijibu kichwani, nikitaja nyumba kwa nyumba. Nikirudi naandika. Nilipomaliza maswali yote nikatia karatasi kwenye bahasha ya majibu, nikamngoja Mzee Nyakundi. Alipofika nikamwomba aangalie kama nimefanya sawasawa, kwa sababu yeye aliona nyingi.

Akaweka baiskeli kwenye ua. Akachomoa karatasi ya juu, akaiangalia.

"Na jina?" akauliza.

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui niandike la nani."

Akanirudishia karatasi. Mama mkwe alikuwa karibu, akianika mahindi juu ya gunia, na mkono wake ukasimama.

"Mama Chebet, wewe shuleni uliitwa nani?"

"Rebecca Chelangat."

"Huyo amekufa?"

"Hapana."

"Basi aliyekufa ni nani?"

Nikainama nikaokota punje ya mahindi iliyoanguka.

"Mimi napanda mlima huu na masomo ya mtu aliye kaburini," akasema, "nasukuma baiskeli kwenye matope, na sijasema neno. Nikiita, ninyi wawili mnatoka mbio kama mgeni amefika. Nikasema moyoni, wacha, wana msiba. Lakini sasa nakuambia kama ningemwambia dada yangu. Wilson alikuwa rafiki yangu. Kila nikiliita jina lake hapa, ninamzika tena. Nimechoka kumzika, mama. Andika."

Mama mkwe akainuka. "Nyakundi, usimpigie mtoto wangu kelele."

"Sipigi kelele, Mama. Ni huu mlima wenu umenimaliza pumzi."

Nilikasirika sana. Nilitaka kumwambia aondoke na baiskeli yake na asirudi. Lakini mama mkwe aliingia ndani akatoka na zile bahasha zote, akaziweka mbele yangu juu ya gunia la mahindi. Akasema, "Andika. Halafu unisomee ulichoandika."

Nikachukua ya juu. Nikaandika: Mwenye jina hili amefariki. Nikamsomea. Hakujua Kiswahili sana, akataka nimwambie kwa lugha yetu. Hapo ndipo pagumu, mwanangu. Kwa Kiswahili neno lile lilikuwa la ofisi, ungeweza kuligongea muhuri. Kwa Kikipsigis alikuwa ni mume wangu. Nilipolisema, tulilia sote wawili pale pale kwenye mahindi, na Mzee Nyakundi akageuka akawa anaangalia gurudumu lake ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Tulipotulia akasema, "Sasa karatasi nyingine. Waulize kama Rebecca anaweza kusoma."

"Kidato cha pili?"

"Kwani mimi ndiye mkubwa wa chuo? Waulize wao."

Nikauliza. Akachukua zote akaenda.

Usifikiri nilipata nafuu. Nilichanganyikiwa kuliko mwanzo. Kengele haikulia tena kwetu. Mzee Nyakundi alipita kwa jirani, akanipungia mkono, akaendelea. Niliona kwamba kwa mstari mmoja wa kalamu nimemfungia Wilson mlango wa mwisho uliobaki wazi. Usiku sikulala, mchana nilichuma matawi badala ya majani mawili na chipukizi, karani wa kituo akanirudishia kikapu. Nilimlaumu mzee yule. Nilijilaumu. Siku nyingine sikujua namlaumu nani.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa zimeanza, mama mkwe yuko jikoni, mimi nakamua, niliposikia mtu getini akiita kwa nguvu:

"Rebecca Chelangat!"

Nikatazama nyuma yangu. Kweli kabisa, niligeuka kumtafuta huyo anayeitwa. Pale nyumbani nilikuwa mama wa Chebet, nilikuwa mke wa Wilson, kisha nikawa mjane. Jina hilo lote sikuwa nimeitwa tangu niache shule.

Mama mkwe akatoa kichwa jikoni. "Huyo anatafuta nani? Mwambie amekosea nyumba."

"Ni mimi, Mama."

"Wewe? Na unaitwa hivyo?"

"Ndiyo."

Akafikiria. "Ni jina refu," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Katika barua aliyoleta Mzee Nyakundi, chuo kilisema kinafungua nafasi kwa watu ambao hawakumaliza sekondari, wafanye kwanza masomo ya kujiandaa, kisha waendelee na wengine. Walisema pia wanatupa pole. Nikasoma pole ile mara nyingi kuliko habari ya nafasi.

Nilisoma kwa taabu. Hesabu iliniangusha, nikairudia. Walioanza nami walimaliza kabla yangu. Cheti nilikipata, na kwa hicho nikafundisha gumbaru, darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma, alasiri baada ya majani kupimwa. Mama mkwe nilimsihi aje. Alikataa mpaka alipofariki, akisema macho yake yameona ya kutosha. Sikuwa mtu mkubwa, kama unavyoniona. Mzee Nyakundi alistaafu, na barua zikarudi kwenye masanduku.

Mpaka leo watu wakinisifu kwamba nilipenda elimu, mimi hunyamaza. Sijui kama niliipenda. Huenda nilitaka tu mtu wa posta aendelee kusimama getini kwetu. Huenda nilitaka kumaliza kazi ya Wilson. Huenda ni lile swali, la nani asiyefikiwa, ambalo nilijua jibu lake na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimejichunguza kwa uaminifu na sijapata kulitenga moja na jingine.

Ndiyo maana, mwanangu, juzi ulipoketi hapa na kuniambia umeitwa chuo lakini hujui kama ni wewe unayetaka au ni baba yako, sikukukemea. Ulidhani nitasema vijana wa siku hizi hawana shukrani. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naona karatasi yangu isiyo na jina.

Sikiliza basi. Usingoje moyo utulie ndipo uende. Moyo mwingine hautulii, na nafasi haikai getini. Nenda ukiwa hujaelewa, na ukifika fanya kazi iliyo mbele yako, swali kwa swali. Lakini juu ya karatasi andika jina lako mwenyewe. Usimsomee baba, wala marehemu, wala mtu yeyote unayedhani utamfufua kwa vyeti. Mkumbuke, mpende, ila aliyekwenda amekwenda, na baba aliye hai ana maisha yake tayari. Lililokwisha liseme kwa lugha inayokuuma, si ile ya ofisi. Na mtu akikuambia neno gumu huku naye machozi yanamlenga, kasirika ukitaka, lakini fanya alichosema.

Sina kingine. Mungu akutangulie katika usiyoyaelewa, akupe wenzako wasiochoka kukungoja, na siku utakapoelewa akukute ungali mpole. Nenda salama, mwanangu.